Wafaransa Wangu, Kutoka Nizwa Hadi Ibra

Jumamosi, 12 Februari 2005

Leo Kifaransa changu kimefufuka! Nilikwenda sokoni Nizwa kununua ndimu kavu, nikakuta mama wa kizungu anabishana na muuza vyungu. Huyu Kifaransa, huyu Kiarabu, kila mmoja anapandisha sauti kama mwenziwe kiziwi. Nikaingilia kati. Kikatoka chenyewe, safi, kama tulivyofundishwa na masista Bujumbura. Miaka na miaka sijakitumia! Nilipomaliza watu wamenizunguka. Mimi, Huwaida, ambaye nikisema Kiarabu watoto wa shule wananicheka.

Kijana mmoja kanifuata. Firas, ana ofisi ya kutembeza watalii Maskati. Kwao ni Unguja, lakini yeye kazaliwa hapa, Kiswahili chake cha kuokoteza. Watu wa Kiingereza anao, wa Kifaransa hana, na kikundi kinakuja wiki ijayo. Niwatembeze Nizwa, Birkat al Mauz na Ibra. Wakirudi wameridhika, kazi ni yangu. Likija lalamiko, basi.

Nimekubali pale pale. Mume wangu Khalaf bado sijamwambia! Wali unaungua, naacha.

Jumapili, 13 Februari 2005

Khalaf kacheka mpaka kapaliwa. Yeye hana neno. "Ila mama lazima ajue."

Mama ni mkwe wangu, Bi Azza, yuko Ibra. Kazaliwa Unguja, mjini hasa, na Kiswahili changu anakiita cha porini. Tangu niolewe, kwake mimi ni "yule wa Khalaf, wa bara." Kapigiwa simu. Sauti nimeisikia mpaka jikoni: mke wa mtu azurure na wazungu, tena Ibra, mbele ya macho ya watu? Watasema mwanangu hana cha kumlisha! Kisha akakata. Hakusema ndiyo, hakusema la.

Mimi nimeichukua kuwa ndiyo. Wallahi naitaka kazi hii. Sijawahi kukitaka kitu hivi tangu nije nchi hii.

Jumapili, 20 Februari 2005

Nimeweza! Nimeweza!

Wafaransa wanane, wengi wastaafu. Mkubwa wao Bibi Odile, ana fimbo na ulimi wa pilipili. Dereva ni Sleyum, mtu wa Al Qabil, mpole, haongei. Asubuhi ngome ya Nizwa. Bibi Odile akanitahadharisha mapema: kwao shamba, Ufaransa, kuna ngome nyuma ya zizi la ng'ombe, amecheza humo utoto wake wote, kwa hiyo nisitegemee atashangaa. Haya.

Nikampandisha ngazi za mnara. Nikamwonyesha matundu juu ya kila mlango, nikamwambia humo adui alimwagiwa asali ya tende inayochemka. Akasimama. Akatazama juu, akatazama chini. Kasema wao walimwaga mafuta, au maji tu. Kisha: kumbe nyinyi hata adui mnamkirimu kitu kitamu! Wote wakaangua kicheko. Mimi nikajiona nimerefuka.

Juu kabisa, mitende chini yetu, milima nyuma. Wamenipigia makofi. Makofi! Sleyum naye kapiga, na wala hajui nilisema nini.

Jumatatu, 21 Februari 2005

Sijui nianzie wapi.

Birkat al Mauz. Asubuhi nzuri kama nini. Tumepita kwenye magofu ya udongo kule juu, wazungu wanapiga picha kila tundu. Tukateremka kwenye migomba. Nilipoiona migomba moyo ukaruka — Burundi tupu! Nikawaeleza falaji: maji yanatoka chini ya mlima, yanakuja kwa mfereji, yanagaiwa kila shamba kwa zamu, tangu enzi za mababu. Nilieleza vizuri. Nilijisikia mwenyewe nikieleza vizuri, na hapo ndipo shetani aliponipata.

Jua lilikuwa limepanda. Bibi Odile miguu imemvimba. Mfereji unatokeza ardhini mbele yetu, maji meupe, baridi. Nikamwambia: vua viatu, mama, tia miguu. Wakavua wote! Wanane, wamejipanga ukingoni, wanachezesha vidole.

Mzee mmoja katoka kwenye migomba anapiga kelele, mundu mkononi. Marhun jina lake. Sikuelewa nusu ya maneno, lakini mkono wake niliuelewa: unaonyesha juu, kinywa, unaonyesha chini, miguu. Pale maji yanapoanza kutoka ni pa kuteka ya kunywa. Baada ya hapo msikiti. Baada ya hapo watu huoga, wanaume kwao na wanawake kwao. Mashamba ni mwisho. Kila kijiji kiko hivyo na mtoto mdogo anajua. Mimi nimekulia kando ya ziwa, ukitaka kunawa unanawa. Nimekaa Nizwa miaka yote hii, maji yangu yanatoka bombani. Nani angeniambia?

Nyuma yake kasimama mwanamke na ndoo. Alikuja kuteka. Kageuza ndoo kichwa chini, karudi kwake. Huyo ndiye aliyenimaliza.

Nikaomba radhi kwa Kiarabu changu kilichovunjika. Marhun akasikia lafudhi. Akasema: aa, Zinjibariya! Kama vile ndiyo maelezo yote. Hapa kila aliyetoka Afrika ni Mzanzibari, na mimi Zinjibar yenyewe sijafika hata siku moja! Nilitaka kumjibu, machozi yakatangulia. Kasema ofisi iliyonituma ataipata.

Nina hasira. Na haya. Zaidi haya, maana mzee ana haki.

Jumanne, 22 Februari 2005

Kaipata. Firas kapiga simu tukiwa njiani, hapo Sinaw. Sauti baridi. Kijiji kizima kimekasirika, amesema, na bila kijiji kile, lango la mlima, yeye hana safari ya Jabal Akhdar. Atanipa jibu kesho mchana.

Jioni tulikuwa kwenye michanga ya Bidiya. Wafaransa wanateleza kwenye vilima na kucheka kama watoto. Uzuri ule, na mimi nauona kama picha ya ukutani kwa mtu.

Khalaf naye kamweleza mama yake! Mdomo wake huo! Eti Bi Azza hakugomba. Kauliza tu: "Anafika saa ngapi sokoni kwetu?" Nimekwisha.

Jumatano, 23 Februari 2005

Naandika nyumbani kwa Bi Azza, varandani. Ndiyo. Kwa Bi Azza.

Soko la Jumatano hapa Ibra ni la wanawake watupu. Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake. Mwanamume akijipenyeza anatolewa kwa macho tu. Watembezaji wote wa Firas wanaume, hakuna aliyewahi kuingiza mgeni humu! Wanaume wa Kifaransa nikawaacha nje na Sleyum, mimi nikaingia na wanawake watano. Kichwa juu. Kama ni siku yangu ya mwisho, basi niimalize vizuri.

Bi Azza kakaa kwa muuza suruali za kutarizi. Kanisubiri. Nikambusu mkono. Shikamoo. Marahaba.

"Umetia watu miguu kwenye maji ya kunywa?"

"Ndiyo, Bi Azza."

"Hukujua?"

"Sikujua."

Akanitazama. "Ungejulia wapi? Nani alikufunza? Mimi nilikufunza lini?" Akainuka, akajifunga buibui. "Na huyu bibi mwenye fimbo mnamwonyesha suruali? Ibra yote hii? Twende."

Akatupeleka Minzafah, mtaa wa kale, kwenye nyumba ya babu yake. Paa limeanguka, lakini ule mlango! Kaupapasa nakshi, akaanza. Babu alivyokwenda Unguja, karafuu, alivyorudi na boriti za mikoko na kujenga. Kasema kwa Kiswahili chake kile cha mjini, taratibu, kila sentensi ananingoja niifasiri. Bi Azza ananingoja mimi! Bibi Odile akauliza kwa nini paa halitengenezwi. Warithi wengi, akajibu, kila mmoja anamtazama mwenziwe. Odile akapiga fimbo chini: kwetu vilevile! Wakacheka, wakashikana mikono.

Hadithi ile, wala Khalaf hajawahi kuhadithiwa.

Sasa wageni wako ndani wanakula, wanaume barazani, wanawake kwa Bi Azza. Simu yangu imelia. Firas. Bi Azza kaichukua kabla sijabonyeza.

"Firas mtoto wa nani?" Kwanza kamlazimisha kuamkia, maana kijana kasahau shikamoo. Kisha kamtafuta ukoo mpaka kampata. Yeye na bibi yake Firas walisoma chuo kimoja cha Kurani. Kisha: "Mwambie mzee wa Birkat al Mauz tumekosa. Ijumaa tunakuja kumtaka radhi, mimi na mwanangu na mke wa mwanangu, na halua."

Tumekosa! Bi Azza, ambaye tangu azaliwe hajakosa!

Yuko pale uani, amenipa mgongo. Anasikiliza. Firas anasema mengi. Mkono mmoja kauweka kiunoni, mwingine umeikaza simu.

"Mwanangu," amesema, "Ijumaa tunakuja, na kazi mkwe wangu anaendelea nayo. Mimi sijakuuliza kama inawezekana."