Picha ya Mama Yeremia

Kisesa, 9 Juni

Mpwa wangu Yeremia,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Ng'ombe mweupe amezaa na choroko tumeshavuna.

Nimeuona ukurasa wa shirika lako mtandaoni. Picha huonyesha kile tu ambacho mpigaji ameamua kionekane. Nilifundisha hilo miaka thelathini. Ulimtoa dada yangu kwenye nyumba ya matofali, ukamvalisha gauni la kulimia, ukamkalisha mbele ya banda la mbuzi. Chini ukaandika: "Mjane asiye na mtu. Changia." Mama yako mzazi! Hata mwizi wa kuku huona aibu mchana.

Jumapili wanawake wa kanisani walimletea unga na sabuni. "Pole Mama Yeremia," wakamwambia, "kumbe huna mtu?" Aliwapikia chai, kisha akawarudishia unga wao.

Nilimwambia nitakuandikia uifute. Akakataa: "Iache, kaka. Siku ile alikaa na mimi mpaka jioni."

Ameniagiza nikuulize utakuja lini kupiga nyingine. Safari hii yuko tayari kulala kitandani ajifanye mgonjwa.

Ni mimi mjomba wako,
Mwalimu Ngosha