Neno la Mama Kuhusu Bafu

Kisenyi, Kampala
11 Februari 2024

Kwa mwanangu Abdunoor,

Assalaam alaykum. U mzima? Unakula? Odoch amepita hapa na lori lake akasema umekonda mpaka suruali unaifunga kwa kamba. Nimemwambia dereva hajui kutazama mtu, anajua kutazama tairi. Sisi hatujambo. Magoti yangu tu yamekuwa kama askari wa benki, kila nikitaka kupita yananisimamisha kwanza. Ulipopiga simu nilisikia upepo, sikusikia mtoto wangu, kwa hiyo usipoteze pesa. Mpe Odoch karatasi, Sadiq atanisomea, na ni yeye anayeandika haya ninayosema. Rumaisa mkewe anakusalimu. Funika kichwa ukiwa juani.

Mama yako,
Nusura

Abdunoor, sasa ni mimi kaka yako, Mama ameinuka kwenda kusali. Kuna jambo. Unajua nyumba ilivyo: choo kivyake, bafu lake kando, milango miwili ya uani, na katikati ukuta wa tofali. Mama anatoka mlango huu, anazunguka, anaingia mlango ule, na magoti ndiyo hayo. Nataka tuviunganishe. Tuvunje ukuta, tuweke choo cha kukaa na bomba la kuogea, kiwe chumba kimoja kipana. Marehemu Baba alituachia nyumba sote watatu, kwa hiyo siwezi kugonga nyundo bila neno lako.

Kaka Sadiq


Barabara ya Bor, nje ya Juba
3 Machi 2024

Kwa Mama na kwa Kaka Sadiq,

Waalaykum salaam. Mimi mzima, na suruali ni kweli. Tunakula ugali wa posho na maharage, tena maharage yana mawe. Mama, magoti yako usiyalazimishe, kaa. Salamu za Shemeji Rumaisa nimezipokea.

Kaka, nimesoma habari ya choo na bafu. Hapa tunajenga hoteli, kila chumba choo na bafu viko pamoja, na mimi ndiye ninayepiga plasta humo kutwa. Ni pazuri, sikatai. Mtu mwenye magoti mabaya pangemfaa. Lakini wewe ni mwalimu wa chuo cha Kurani, unajua kuliko mimi niliyeacha shule darasa la tano. Mama hatawadhi kimya. Kila kiungo kina dua yake, mkono na dua yake, uso na dua yake, na anaitamka hadi nyumba nzima inaamka. Mimi mpaka leo alfajiri naamka kabla ya adhana kwa sababu ya sauti ile. Ndani ya choo jina la Mungu halitajwi. Ukileta choo kwenye bafu lake, umemwambia anyamaze.

Mimi sikatai wala sikubali. Bafu ni la Mama. Msomee maneno haya kama yalivyo, kisha andika atakalosema, hata kama ni tusi. Akisema ndiyo, ni ndiyo yangu.

Mama, nisalimie Joska jirani.

Mwanao na mdogo wako,
Abdunoor


Kisenyi, Kampala
31 Machi 2024

Kwa mwanangu mpendwa Abdunoor,

Assalaam alaykum warahmatullah. Ni matumaini yangu kuwa uko katika afya njema, nasi tunamshukuru Mola kwa neema zake zisizohesabika.

Mwanangu, barua yako nimesomewa nikaielewa. Jambo hili nimelitafakari kwa kina. Sadiq amenifafanulia kwamba wanavyuoni wameruhusu mtu kuzipitisha dua moyoni pasipo kuzitamka, na dini yetu ni nyepesi. Vilevile zama zimebadilika, na nyumba nyingi za matajiri wa Nakasero zinajengwa hivyo. Chumba kitakuwa kipana, nitaweza kugeuka na mkongojo wangu. Kwa hiyo nimeridhia kwa moyo safi viunganishwe, nawe uridhie.

Mama yako,
Nusura

Mwandishi ni Sadiq. Umeona mwenyewe. Mafundi wako tayari.


Barabara ya Bor
21 Aprili 2024

Kwa Mama,

Waalaykum salaam, na Idi njema ingawa imepita. Mimi sijambo, mgongo tu.

Nimefurahi umekubali. Nakwambia kweli, nilitaka ukubali, maana nimechoka, na kubishana kwa karatasi kunachosha kuliko zege. Ulivyoandika safari hii ni kama hotuba, nikasema Mama amepata adabu mpya.

Kaka, vunjeni. Pesa za sehemu yangu nimempa Odoch, za vigae na bomba. Sakafu usiweke vigae vya kung'aa, Mama ataanguka. Weka vile vyenye mikwaruzo. Ukutani piga chuma cha kushikilia, kifike kifuani mwake, si mwako. Ukimaliza niambie kama ameingia humo na amesema nini.

Abdunoor wenu


Kisenyi
30 Juni 2024

Mdogo wangu,

Salaam. Samahani kwa kimya, chuoni wanafunzi wamepungua na nina mawazo mengi. Kazi imekwisha, imetoka nzuri sana. Mama ana kifua hawezi kusema barua safari hii, lakini anakushukuru na kukuombea. Chuma kimepigwa.

Kaka Sadiq


Barabara ya Bor
22 Septemba 2024

Kwa Mama. Isomwe na Sadiq kwa sauti, Odoch akiwa amekaa hapo hapo anasikiliza.

Assalaam alaykum, Mama. Kifua chako vipi? Kama ni kweli kilikuwa kifua.

Mama, Odoch amefika jana. Tukashusha saruji, tukakaa chini ya lori tunywe maji. Akaniambia, "Wewe Noor, kwenu sasa watu wanatoa pesa kwa bafu." Nikadhani anatania, ndiyo kazi yake. Nikamwambia, "Na kwenu Gulu wanaoga benki." Akacheka kidogo, halafu hakucheka tena.

Akasema siku hizi Kaka Sadiq anamsubiri gereji na barua mkononi, hamruhusu kufika nyumbani. "Chai ya Mama nimesahau ladha yake," akasema. Safari hii Kaka hakutokea, kwa hiyo Odoch akaja mwenyewe. Kwenye ukuta wa barabarani akakuta dirisha lenye nondo, rangi ya njano, na Rumaisa ndani amekaa na simu mbili, anatoa na kupokea mobile money. Alisimama kwenye foleni kwanza, akidhani amepotea nyumba. Ni pale bafu letu lilipokuwa. Akauliza, "Na wanaoga wapi?" Rumaisa akamwonyesha choo.

Ukuta wa katikati haukuvunjwa, Kaka. Odoch ameuona. Ulichukua bomba la Mama ukalipitisha kwenye tundu hadi chooni, mahali ambapo mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Chumba kipana kiko wapi? Chuma kiko wapi? Odoch anasema chuma alikiona kweli. Kinashikilia ubao wa matangazo.

Kaka, ukifika hapa usiruke, Odoch anakutazama.

Aliingia uani akuamkie, Mama. Akakukuta nyuma ya jiko, umetundika kanga kwenye kamba, umekaa kwenye kigoda na birika, unaosha miguu huku wapangaji wa nyuma wanapita na ndoo zao. Akageuza uso. Ni mtu mzima na aliona haya mpaka kunisimulia. Anasema midomo ilikuwa inacheza lakini sauti hakuisikia.

Ile barua ya Machi iliyoandikwa kama hotuba ya msikitini haikuwa yako. Ningejua. Wewe hujawahi kutafakari jambo kwa kina, wewe unasema hapana halafu unatafuta sababu. Nilijua, Mama, nikacheka tu.

Sadiq, ulikuwa na haja ya dirisha, ungeomba dirisha. Ungeniambia, Noor, chuo kinakufa, sina cha kuwapa watoto, nipe ukuta wa barabarani. Ningekupa. Umechukua mdomo wa Mama ukausemea, na ni mdomo ule ule uliotufundisha kusema bismillahi. Unafundisha watoto wa watu usomaji, wewe mwenyewe unasoma yasiyoandikwa. Kumi na moja Desemba mkataba wangu unaisha. Nakuja na nyundo. Nitaziba dirisha hilo kwa mikono yangu, mkeo akiwa ndani au nje, atachagua yeye.

Mama, naomba uniambie kwa kinywa chako: ulikubali? Mwambie Odoch. Anaandika pole pole lakini anaandika unachosema.

Mwanao,
Abdunoor


Kisenyi, kwa Joska
6 Oktoba 2024

Kwa Abdunoor,

Assalaam alaykum. Anayeandika ni Odoch, tumekaa barazani kwa Joska, na kila neno namwambia anisomee tena. Amekosea mara moja tu, nimemsamehe kwa kuwa ni Mwacholi. Kifua sikuumwa. Magoti ni yale yale. Wewe mgongo uweke dawa ya moto, usiupake mafuta ya gari kama baba yako.

Barua yako imesomwa. Sadiq alitaka kunisomea peke yetu, Odoch akavuta kiti. Akasoma yote. Pawili aliomba maji, akanywa, akaendelea. Alipomaliza nilimwambia mbele ya mkewe, "Kumbe mimi ni mtu wa kuridhia kwa moyo safi." Kesho yake ameninunulia kiti cha plastiki cha kuogea. Ndiyo radhi aliyoiweza. Rumaisa alifunga dirisha siku ile, asubuhi wateja wakagonga, akafungua.

Unaniuliza nilikubali? Sikuulizwa. Barua yako ya kwanza alinisomea salamu, akanisomea na maharage yenye mawe, nikacheka. Ile sehemu ya dua zangu hakuisoma. Nilikuja kuona bomba linang'olewa, nikaambiwa wewe ndiye uliyetaka, kwamba huko Juba umeona hoteli na unataka mama yako naye aoge kama mgeni wa hoteli. Nikanyamaza kwa ajili yako. Nilisema mtoto yuko mbali, anajenga, ana furaha ya kunijengea, nisimvunje moyo. Ndiyo maana nilihamia nyuma ya jiko bila kelele. Miezi yote hiyo nilikuwa na hasira nawe, Noor, na nilikuombea nikiwa na hasira hiyo hiyo.

Sadiq amefanya ubaya na nimemwambia. Lakini wewe nawe nikuambie, maana umeniomba kinywa changu. Odoch alikuwepo tangu mwanzo. Ana masikio, ana mdomo, ana njia. Ungemwambia, mwulize Mama uso kwa uso, jibu lingekufikia kabla tofali halijaguswa. Ile barua ulijua si mimi. Umeandika mwenyewe, ulijua ukacheka. Ulitaka karatasi iseme ndiyo ukalale. Mmoja ameuza neno langu na mwingine amelinunua, na wote wawili nimewanyonyesha.

Nyundo usije nayo. Chuo cha Sadiq kimefungwa tangu Agosti, hilo hakukuambia pia. Tunakula kwenye dirisha lile, na dawa ya magoti inatoka humo humo. Ukiliziba, nani atawalisha wale watoto, wewe uliyefunga suruali kwa kamba? Sitaki Kisenyi yote isimame barabarani kutazama wana wa Nusura wakipigania bafu.

Nyuma ya jiko nimeondoka. Joska aliniona siku moja upepo umechukua kanga, nikiwa nimebaki na kigoda. Jioni alikuja na ufunguo. Bafu lake liko kivyake, choo chake kiko nyuma kabisa, kama kwetu zamani. Yeye ni Mkatoliki na nilimwambia nina kelele. Akasema, "Mama Sadiq, mimi nina jogoo, utanitisha nini?" Naingia kila wakati wa sala, nafunga mlango, natamka yote kwa sauti. Juzi aliniita dirishani kuniuliza maneno ya mguu wa kushoto, maana ya mguu wa kulia ameshayashika.

Odoch anataka kuondoka, lori limepakiwa. Barua zako zisipitie tena kwa Sadiq, na zisije nyumbani. Odoch azilete hapa, mtoto wa Joska atanisomea. Na Desemba ukija, usianze kwetu. Mlango wa Joska ni wa bluu. Gonga hapo, uniulize mwenyewe kama nataka kukuona.

Mama yako,
Nusura