Kanga ya Posa Yenye Sahihi za Madereva

Mama Josefina, shikamoo. Mimi ni msichana wa Mazingara, Handeni, nimeshamaliza shule na nalima na wazazi wangu, na jina langu usilifiche gazetini, maana huku kila mtu anaijua habari yangu, ukilificha watasema nimeona haya, na haya sioni, ila nimekwama kama yale magari nitakayokusimulia, na wa kunisukuma simpati ila wewe.

Mimi nakusanya vitu vya magari ya mbio. Tafadhali usicheke. Yale mashindano ya Pasaka yalipoanza kupitishwa kwenye barabara yetu nilikuwa mtoto wa shule, baba yangu mzee Athuman akatupeleka kuyatazama, na gari la kwanza lilipotokeza kwenye kona likirusha tope mpaka juu ya migomba, moyo wangu uliondoka nalo na sidhani kama umerudi wote. Siku ile niliokota kioo chekundu cha taa ya nyuma, na kila Pasaka nikaongeza kitu, sasa nina kibao cha namba kilichong'olewa mlangoni na miba, nina glavu moja ya ngozi ambayo kiganja chake kimelika kwa usukani, na nina kofia ya msoma ramani mmoja niliyemwomba Korogwe walipokuwa wanajaza petroli, akacheka, akaivua kichwani, akaitia sahihi ukingoni, jasho lake bado bichi. Vyote nimevitia kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda. Sharti langu ni moja, kitu kiwe kimekimbia. Salimu mwenye duka aliwahi kuniletea kofia mpya yenye picha ya gari, nikamwambia kaka Salimu ahsante, lakini hii haijakwenda popote, mpe mtoto.

Mwaka jana nikachumbiwa na Mbwana wa Manundu, Korogwe, anayefanya kazi shamba la mkonge kwenye mashine za korona zinazosaga majani kutoa nyuzi, kijana mpole, na mimi nampenda sana, mama, hilo nilitangulize. Walipoleta posa, mama yake, Bi Mashavu, alikuja na doti ya kanga aliyoichagua mwenyewe, nyekundu yenye maua meusi, imeandikwa ULIPO NAMI NIPO. Nikaipenda nikaivaa kila mahali, na hapo ndipo mambo yalipoanzia, kwa sababu Pasaka iliyopita niliivaa kwenda kutazama magari.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Pale kwetu barabara inashuka kwenye korongo halafu inapanda ghafla, na watu tulijaa juu ya ukingo. Likaja gari la bluu, namba sitini na mbili, likashuka kama limetupwa, likagonga ukingo wa pili, boneti ikafunguka puu! ikawafunika kioo chote, gari likasimama upande. Wakatoka vijana wawili waliojaa tope mpaka kope. Dereva anaitwa Gregori, msoma ramani anaitwa Simeo, wote wa Nairobi. Kitasa cha boneti kilikuwa kimekatika kabisa. Gregori akapiga kelele, "Kamba! Nani ana kamba?" Kamba yao ilikuwa imebaki matopeni huko nyuma walikovutwa. Mzee mmoja akafungua kamba ya mbuzi wake, wakaikaza, ikakatika, na Simeo anatazama saa anasema, "Tumekwisha, Greg, tumekwisha."

Mama, mimi sikufikiri. Naapa sikufikiri. Niliivua kanga ya mabegani, nikaisokota, nikamwambia Simeo, "Pitisha hapa kwenye meno ya wavu wa mbele, nipe ncha," nikafunga mwenyewe lile fundo letu la kufungia mzigo wa kuni, ambalo ukilivuta linazidi kukaza. Gregori akaitikisa boneti kwa mikono miwili, haikucheza. Akanitazama, akasema, "Dada, unaitwa nani?" Nikasema Hajira wa Mazingara. Wakaingia, watu wakasukuma, gari likanguruma likaondoka, na kwenye pua yake yanasomeka maneno mawili, NAMI NIPO! Nilikimbia nyuma yake mpaka pumzi zikaniisha, wanawake wanapiga vigelegele, na mimi nalia kwa furaha kama mwehu.

Niliporudi baba akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hajira, ile kanga si ya watu?"

Hapo ndipo nilipokumbuka, lakini sikuweza kuhuzunika, maana siku zote zilizofuata nilishinda dukani kwa Salimu kwenye redio, na walipotaja magari yaliyomaliza, namba sitini na mbili ilikuwamo! Magari mengi yenye majina yalilala njiani na lile lenye kanga yangu limefika! Salimu alinipigia meza kama ngoma.

Baada ya mwezi likaja bunda kutoka Nairobi, limeandikwa "Hajira aliyetoa kanga, Mazingara, Handeni," na nyuma anuani yao. Ndani imo kanga yangu, mama, imekauka tope, ina oili pembeni, imetoboka kidogo palipokuwa pakisugua, na katikati kwa wino mzito mweusi: "Dada Hajira, fundo lako limefika Nairobi. Gregori. Simeo." Katika vitu vyangu vyote hakuna kinachofikia hiki. Vingine niliokota au niliomba, lakini hiki nilikuwamo.

Kwa furaha ile nikapanda basi kesho yake mpaka Korogwe, nikaenda Manundu, sijatoa taarifa, sijaeleza lolote, nikamwamkia Bi Mashavu, nikaitandika ile kanga mbele yake juu ya mkeka. Nilidhani atafurahi. Akaitazama. Akamwambia Mbwana, "Soma." Mbwana akasoma.

"Mchumba wa mwanangu," akasema Bi Mashavu, "ameandikwa na wanaume wawili juu ya kanga niliyompa mimi. Na hayo ya juu yanasemaje? Ulipo nami nipo. Nani yupo? Huyo dereva?"

Nikamweleza habari ya boneti, nayaparamia maneno, yeye anatikisa kichwa. Akasema tangu Azimio la Arusha tunaambiwa tushike jembe tujenge nchi, na mimi naokota mabati ya matajiri. Kisha akatoa hukumu: ama niifue kwa sabuni na majivu mpaka maneno yote yatoke, niivae safi siku ya harusi watu waione, ama nirudishe doti nzima. Na unajua kurudisha doti ni nini.

Mbwana alinisindikiza mpaka kituo cha basi, na tulipokuwa peke yetu akauliza polepole, "Kwani ilishika mpaka Nairobi kweli? Haikufunguka hata mara moja?" Nikamwambia ndiyo. Akatabasamu, akasema, "Mimi sioni ubaya, lakini mama ni mama."

Harusi ni baada ya mavuno. Wino ukitoka hautarudi, na Mbwana akitoka sitampata mwingine kama yeye. Maji nimeshateka mara mbili na mara mbili nimeyamwagia mboga. Niifue, mama?

Ni mimi, Hajira binti Athuman, Mazingara.

JIBU

Marahaba, Hajira. Usiifue. Hilo nalisema mwanzo ili upumue, na maji endelea kumwagia mboga. Sasa kaa chini, maana nina ugomvi na wewe.

Ulipoivua ile kanga ulifanya jambo jema. Watu wamekwama mlangoni kwako, una kitu cha kuwafaa, ukakitoa. Anayesema kusaidia msafiri matopeni kunapingana na Azimio alisome tena. Kosa lako lilianza gari lilipokwisha kuondoka. Baba yako alikukumbusha palepale kwamba kanga ni ya watu, na wewe ukaenda kushinda kwenye redio. Mwezi mzima! Salimu mwenye duka alijua, mwenye mbuzi alijua, Nairobi walijua, na mwanamke aliyeichagua ile kanga kwa mkono wake akaja kujua wa mwisho, tena kwa kutandikiwa tope kwenye mkeka wake. Ungekuwa wewe ungepiga vigelegele?

Wewe unaiona kanga iliyokwenda Nairobi. Yeye anaiona kanga aliyokwenda nayo Mazingara kukuombea kwa wazazi wako. Nyote mnasema kweli, lakini yeye ndiye hajaulizwa. Alichokuambia kuhusu sabuni ni hasira ya mtu aliyerukwa, na mtu aliyerukwa hatulizwi kwa kueleweshwa habari za boneti.

Fanya hivi. Mchukue shangazi yako, usiende peke yako kama uliyefukuzwa shule. Nendeni Manundu na mkono usio mtupu. Kanga iache nyumbani. Mwombe radhi Bi Mashavu kwa jambo moja tu, kwamba ulitoa zawadi yake bila kumwambia, wala usichanganye na mengine, usimtaje dereva, usitaje namba sitini na mbili hata ulimi ukuwashe. Akikugombeza, gombezwa. Akinyamaza, nyamaza naye. Akiuliza, ndipo ujibu, na ujibu lile aliloulizia.

Pili, anuani ya wale vijana unayo. Waandikie leo. Waambie kanga waliyofungia boneti ilichaguliwa na Bi Mashavu wa Manundu, na shukrani waliyokuletea wewe bado nusu yake haijafika inapostahili. Kama wana adabu wataelewa.

Nawe Mbwana, najua unasoma, maana mchumba wako atakuonyesha. "Sioni ubaya" ni maneno ya kusemwa sebuleni mbele ya mama yako, kwa heshima, umekaa chini. Ukiyasema kituo cha basi yanapanda basi na kuondoka. Mwambie mama kwamba unamtaka Hajira pamoja na sanduku lake, kama ndivyo ilivyo. Kama sivyo, mwambie Hajira sasa, kabla hajahamia kwako na ile glavu.

Doti isirudishwe na mtu yeyote mpaka hayo yote yafanyike.

HAJIRA AMETUANDIKIA TENA

Mama Josefina, shikamoo. Mwaka umepita na nimekawia kukushukuru, unisamehe, nina nyumba sasa.

Nilikwenda na shangazi Mwaija, tukabeba kuku wawili na mahindi mabichi. Bi Mashavu alitupokea, akatuweka kwenye mkeka, akanigombeza tangu chai mpaka wali, na mimi nikagombezwa kama ulivyosema. Alipochoka, Mbwana akasogea akakaa chini karibu na miguu yake, akasema, "Mama, namtaka Hajira, na vitu vyake navitaka. Mimi mwenyewe natamani ningekuwapo." Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo mara moja. Mama yake akamtazama sana. Kisha akanigeukia mimi.

"Hilo fundo," akasema, "ulilifungaje?"

Akatoa kanga yake, nikalifunga kwenye mguu wa kiti, akalivuta kwa nguvu zote, kiti kikaja chote. Akavuta tena. Ya kufua hayakutajwa, na harusi ilikuwa baada ya mavuno kama ilivyopangwa. Barua ya Gregori na Simeo ilimfikia wiki ile ya harusi, na tangu hapo Mbwana ameisoma mbele ya wageni mpaka anaijua kwa moyo.

Lakini sikuandika kwa hayo. Naandika kwa sababu nina shida mpya. Pasaka hii magari yalipita kwetu Korogwe, na Bi Mashavu akasema anataka kuyaona haya mabati yanayowatia watu wazimu. Tukasimama nje ya Manundu, mimi, yeye na Mbwana. Gari la nne lilikata kona likiwa limeinama upande mmoja, likakwaruza jiwe, na ule mpira wa nyuma wa kuzuia tope ukang'oka ukaruka barabarani, mzima, una namba ya gari kwa rangi nyeupe! Mama, mpira kama ule nimeutafuta tangu utotoni. Nikainua mguu, na kabla sijaushusha mama mkwe alikuwa keshafika katikati ya barabara, kanga kiunoni, anauvuta kwa mikono miwili, na watu wanapiga kelele, "Bibi toka, lingine linakuja!" Akatoka nao kifuani, ana tope mpaka masikioni, anacheka kama msichana.

Nimemwomba kwa upole autie kwenye sanduku letu. Amekataa. Ameutundika sebuleni kwake, na ananiambia nikitaka kuutazama nibishe hodi. Nifanyeje?

JIBU

Hajira, alichookota ni chake, na hodi utabisha. Pasaka ijayo simama mbele yake.