Chupa za Vifuniko Vyekundu

Ghorofa ya pili, chumba cha mwisho,
Mkabala na Ofisi ya Bonde la Mto.

Jumapili, tarehe 8 Machi.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi kitinda mimba wenu, yule uliyemfunga kamba za viatu mpaka darasa la tano na ambaye mpaka leo hujaacha kumtangazia kila mtu. U hali gani? Vipi vile vidole, bado unaamka vimekufa ganzi kwa sababu ya cherehani za kiwandani? Na kifua, je, baridi ya huko imekuachia? Nijibu ukweli. Usiniandikie "nzuri tu" kama kawaida yako.

Sisi huku ni wazima wa kutembea. Nimeandika hivyo kwa makusudi, kwa hiyo usiruke mistari. Najua una tabia ya kuanza kusoma barua kutoka mwisho. Hii naomba uianze juu, ukiwa umekaa.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu nimeishika wiki nzima. Lakini najijua, Dada: ungeniuliza habari, ningesema safi, ningekutania kuhusu msimamizi wenu anayekoroma kikaoni, tungecheka, ungewahi zamu yako, na mimi ningeshukuru kwamba umewahi. Kwenye karatasi sina pa kukimbilia.

Mama bado ana nguvu za kuwagombeza kuku wa jirani. Bustani yake ya mboga imestawi, au ilikuwa imestawi, nitakuja kwenye hilo. Goti linamsumbua akipanda ngazi, na ukimwambia akae chini anakuuliza kama umemchoka.

Sasa nijikaze kisabuni niseme lililonifanya nikuandikie.

Kazi yangu unaijua, ingawa wewe huiita kuteka maji na kulipwa. Kila mwezi tunateremka bonde lote, vituo kumi na viwili, kutoka chemchemi hadi kule mto unapopanuka. Nachota maji kwenye chupa, naandika saa na joto la maji, chupa zinaingia kwenye sanduku la barafu, maabara wanapima. Kituo cha tisa kiko hatua chache chini ya nyumba ya Mama. Siku ya kituo cha tisa ndiyo siku ninayokula vizuri.

Aliyenifundisha kazi hii ni mzee mmoja, sasa amestaafu, ambaye hakuwa na mchezo na uchafu. Kabla ya kujaza chupa, isuuze kwa maji ya mto uleule, mara tatu, ndipo ujaze. Ukisuuza mara mbili, anaichukua na kuimwaga mbele ya macho yako. Nimefanya hivyo miaka kumi na mmoja. Wenzangu wakanibandika jina la Mara Tatu, na nisikufiche, nililipenda. Nililivaa kama suti.

Miaka miwili iliyopita mradi ulileta chupa mpya za vifuniko vyekundu, kwa ajili ya kupimia metali. Chupa hizi zinatoka maabara zikiwa na matone ya asidi ndani. Asidi hiyo ndiyo inayoifanya metali ibaki kwenye maji. Bila hiyo, metali inagandia kwenye kuta za chupa, na mashine ikiyapima maji inakuta kama hakuna kitu. Kwa hiyo chupa hizi hazisuuzwi hata mara moja. Karatasi ya maelekezo ilipitishwa, tukatia saini sote. Mimi nilitia saini nikiwa nimesimama, kwa kalamu ya kuazima, na sikusoma hata mstari mmoja. Mzoefu kama mimi asome nini?

Nilipofungua ya kwanza nikakuta unyevunyevu chini. Nikasema hawa wa maabara ni wavivu, wameosha chupa hawakuzikausha. Vidole vikanichonyota, nikasema hata sabuni hawakuitoa. Nikasuuza mara tatu, tena kwa hasira. Dada, nilifikia hatua ya kuandika malalamiko kwenye kitabu cha maoni kuhusu usafi wao. Yapo mpaka leo, na mwandiko ni wangu.

Nilifanya hivyo kila mwezi, kila kituo, kwa miaka miwili.

Majibu yakawa yanakuja mazuri. Risasi, nasema yale madini ya kwenye betri za magari, ilionekana ni kidogo mno. Na katika kipindi hichohicho, juu ya kituo cha saba ilifunguliwa karakana ya kuyeyusha betri chakavu. Watu wa chini ya mto wakaanza kunung'unika kwamba maji yanaacha ladha ya chuma mdomoni. Tukawaitia mkutano, tukawaonyesha majedwali. Mimi ndiye niliyesimama, kwa sababu nina mdomo, nikawaambia mto wao ni salama. Walinipigia makofi.

Nadhani umeshaona ninakoelekea. Mama alikuwa akipanga foleni kwenye bomba la mtaa, na goti lake lile. Mimi ndiye niliyemwambia aachane na foleni. Mimi ndiye niliyefunga ile pampu inayovuta maji ya mto mpaka kwenye tangi. Wewe ukaniuliza kwa barua kama maji yale yanamfaa mwanao uliyemwachia Mama, nami nikakujibu, nakumbuka neno kwa neno: "Dada, anayeyapima ni mimi, kunyweni kwa raha zenu."

Mama anayachemsha kila siku, maskini, anayachemsha mpaka mfuniko unacheza. Kuchemsha kunaua vijidudu. Risasi haijali moto wa jikoni.

Mwezi uliopita tuliletewa mkemia mpya, mwanamke mwembamba asiyependa porojo, akaomba tufuatane kwenye vituo. Tulipofika cha tisa nikafungua chupa nyekundu, nikachota, nikatikisa, nikamwaga. Akanishika mkono.

"Kaka, unamwaga nini?"

"Nasuuza. Wenzako huko hawakaushi chupa."

"Hiyo ni asidi. Umefanya hivi tangu lini?"

Kwanza nilicheka. Kisha nikaanza kuhesabu, nikakaa kwenye tope na mabuti yangu. Hakunifokea, laiti angenifokea. Alitoa chupa mbili, akaniambia nijaze moja kwa njia yangu, yeye akajaza nyingine kwa njia inayotakiwa. Maji yaleyale, saa ileile.

Wiki iliyofuata, siku ya Alhamisi, aliniita maabara. Alinisogezea kiti kabla ya kusema lolote, nikajua. Chupa yangu ilikuwa safi kama siku zote. Yake ilikuwa na risasi mara tano ya kiwango kinachoruhusiwa.

Mkuu wa mradi alinifungia mlango tuzungumze. Si mtu mbaya, usimchukie. Ripoti ya vipimo vya miaka miwili ilikuwa imeshachapwa, jalada la bluu, na mkutano wa kuitambulisha ulikuwa umeshaitishwa. Alisema tuseme tu kwamba kuanzia mwaka huu tumebadilisha njia ya kupima, na ya nyuma tuyaache yalale. "Hata wewe utapona," aliniambia, na alikuwa ananihurumia kweli. Dada, sitaki unione malaika: niliondoka pale nimeshakubali. Nilitembea na ahadi hiyo siku mbili. Na siku hizo mbili Mama na mtoto waliendelea kunywa, kwa sababu sikujua ningewakatazaje bila kusema kila kitu. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote, hata kuliko zile chupa.

Jumamosi nikaenda kwa Mama, nikijiambia nitatafuta kisingizio, labda niseme pampu imeharibika. Nikamkuta Chiriku wako mezani na madaftari yake. Unakumbuka wewe mwenyewe kwa nini tulimpa jina hilo. Alikuwa akianza kuzungumza asubuhi, mpaka jioni masikio yanaomba likizo. Siku hizi anaanza kusema jambo, analiacha katikati, anaangalia dirishani. Jedwali la kuzidisha la saba, ambalo mwaka jana aliliimba kama wimbo, limempotea. Tumbo linamuuma kila siku. Mwalimu wake ameandika kwenye ripoti: mvivu, hajitumi. Wewe ukamwandikia ile barua kali, mimi nikakuunga mkono, nikamnyang'anya redio yake mpaka alama zipande.

Basi akainuka pale mezani, akachota maji, akapeleka glasi mdomoni. Nilimpokonya. Glasi ikavunjika sakafuni, mtoto akaanza kulia, Mama akatoka jikoni akidhani nimerukwa na akili. Nilimwambia Mama yote nikiwa nimepiga magoti naokota vioo. Alikwenda kuuzima moto, akaimwaga sufuria yote ya maji nje, akakaa kwenye kile kiti cha mlangoni ambacho huwa hakikaliwi na mtu.

Jumatatu niliwapeleka wote wawili hospitali wakatolewa damu. Majibu yalitoka Jumatano. Mama anayo risasi, lakini daktari hakushtuka sana. Ya Chiriku ni nyingi zaidi, maana mwili wa mtoto unaivuta zaidi kuliko wetu. Daktari alisema tumewahi kiasi. Kuacha yale maji ndiyo tiba ya kwanza, ale vizuri, anywe maziwa, apimwe tena baada ya miezi mitatu. Ikibidi watamwanzishia dawa. Nilimuuliza kama yaliyompotea kichwani yatarudi. Alisema mengine huenda yakarudi, mengine hawezi kuniahidi. Nakuandikia alivyosema, sikutia wala kupunguza.

Mboga za bustani Mama ameng'oa zote. Maji wanachota bombani, na anayepanga foleni sasa ni mimi, alfajiri kabla ya kazi. Majirani wananiona na madumu, wananisalimia kwa adabu nisiyoistahili.

Alhamisi hii iliyopita ndiyo ilikuwa siku ya mkutano wa ripoti. Sikumwambia mapema mkuu wangu wala mtu yeyote. Ilipofika zamu yangu nikasimama nikasema vipimo vya metali vya miaka miwili havifai, na aliyeviharibu ni mimi, na namna nilivyoviharibu. Mama mmoja wa kituo cha kumi aliuliza, "Si wewe uliyetuambia ni salama?" Nikamwambia ndiye mimi. Akaniangalia, akakaa. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Ripoti imerudishwa stoo. Nami nimerudishwa hukohuko, nasubiri barua ya uamuzi, na kazi yangu kwa sasa ni kupanga chupa kwenye rafu. Mkemia anapima upya bonde zima. Karakana bado inafuka moshi. Wakaguzi wanasema wanasubiri vipimo hivyo vipya, na siwezi hata kuwalaumu, kwa maana vile vya zamani viliwapa usingizi na aliyewapa ni mimi.

Dada, ukiniita kila jina unalolijua, nitapokea. Ukikaa kimya mwaka mzima, nitaelewa. Sikuombi unisamehe katika barua hii. Nina ombi jingine, na ndilo lililonifanya niandike.

Tulipotoka hospitali Jumatano, nilidhani Chiriku hakuwa akisikiliza, alikuwa akihesabu vigae vya korido. Tulipofika kituo cha basi akanivuta shati.

"Mjomba, kwa hiyo mimi si mvivu?"

Nikamwambia si mvivu, hajawahi kuwa mvivu, ni maji. Nikamwambia mara tatu, na sikujisikia vizuri hata mara moja. Akafikiri kidogo, akauliza:

"Na mama anajua?"

Redio nimemrudishia, ameiweka kabatini, hajaiwasha. Ile barua yako kali anayo ndani ya daftari la hesabu. Naomba umwandikie nyingine. Mwandikie wewe mwenyewe, kwa mkono wako, umwambie kwamba unajua. Likitoka kwangu, neno hilo halimkai, kwa sababu mimi ndiye niliyesema pia kwamba maji ni safi. Kila akirudi kutoka shule ananiuliza kama nimeshakuandikia. Leo nitamjibu ndiyo.

Nisalimie sana shemeji, mwambie lile koti lake bado nalivaa. Msalimie na binamu yetu mkikutana, na yule jirani yako anayekugawia chai zamu ya usiku. Mama anakusalimu, amekuja kwangu leo, amekaa hapa mkono wangu wa kulia, amekataa kuisoma barua hii, lakini ameniuliza mara mbili kama nimeandika yote. Mungu akulinde huko uliko, akupe nguvu za kuupokea ujumbe huu, na aturudishie Chiriku wetu na kelele zake zote.

Nikupendaye, hata siku utakayokuwa hutaki kulisikia jina langu,

Mdogo wako.