Kundi la Mimea Mirefu

Mama yangu,

Shikamoo. Baba naye mfikishie shikamoo yake, na umuulize kama goti limekubali kupanda ngazi au bado linamdengulia. Sisi hatujambo. Mjukuu wako ameota meno na anang'ata kila anachokutana nacho, baba yake akiwemo. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu huwa unanikatiza kwa mzaha, nami nacheka, nasahau nilichotaka kusema. Leo nataka niseme mpaka mwisho.

Kazini tumebanana. Vipimo vya mimea vya nchi nzima hatimaye vimekusanywa. Kila kiwanja ninyi wapimaji mlichowahi kukizungushia kamba na kuandika kilichoota ndani yake, tangu enzi zile za penseli sikioni, sasa kimo kwenye hifadhidata moja ya kompyuta. Kazi yangu ni kuviweka pamoja viwanja vinavyofanana, ili tujue nchi ina jamii gani za mimea na zipi ziko hatarini. Mkuu wetu tunamwita Subira, kwa sababu hana hata chembe yake. Husimama nyuma ya kiti changu akihema kama vile yeye ndiye anayezungusha mashine.

Sasa kuna kundi moja limeninyima raha, na linakuhusu. Lina matete, vichaka na majani marefu ya kufika kiunoni, na chini yake hakuna kitu. Hakuna ukoka, hakuna ndago, hakuna hata mbigili, ambayo hukosi popote mtu anapotaka kukaa. Subira alifurahi kupita kiasi. Alisema tumegundua jamii mpya kabisa, akaanza kuitafutia jina na kuandaa hotuba. Mimi nilikwenda kuangalia nani alipima, nikakuta viwanja vyote ulipima wewe.

Unajua kompyuta haitofautishi mmea usiokuwepo na mmea ambao haukuandikwa. Ofisini tunataniana kwamba makundi mengine si ya mimea, ni ya watu. Yupo bwana mmoja aliyekuwa akipima kiangazi tu, na kundi lake lote ni mimea mikavu. Nilipoeleza kwamba hili nalo ni la namna hiyo, jirani yangu wa meza alishauri viwanja vya mpimaji huyo vifutwe vyote, vipya na vya zamani, maana ni mtu aliyechoka kuinama. Damu ilinichemka. Wewe, uliyekuwa ukinifokea nipige magoti kwa sababu ukoka hautasimama kunipokea! Nilimwambia mpimaji huyo hajawahi kuwa mvivu hata siku moja. Subira akauliza nimemjuaje.

“Ni mama yangu,” nilisema.

Niliomba nipewe nafasi ya kupitia vipimo vyako vyote, nikavipanga kwa miaka. Vya zamani vimesheheni vijimea ambavyo wengine huvikanyaga bila kujua. Halafu vinaanza kupungua. Vinavyotambaa chini vilitangulia kutoweka, vikafuata vya kwenye kifundo cha mguu, na mwaka jana hata vya magotini havimo. Mwenzako aliyepima mabonde yaleyale ameviandika vyote.

Mama, hukuacha kuinama. Unapiga magoti palepale, unatazama, na huvioni.

Nilipokuja mara ya mwisho ulimlaumu fundi umeme kwa taa hafifu, ukasema wenye viwanda sasa wanaandika tarehe kwenye makopo kwa herufi za kuficha wizi. Nilicheka sana. Nilipoyakumbuka maneno hayo nikiwa mbele ya kompyuta, nilitoka nikaenda kulia kwenye ngazi za nyuma, na ninaona uchungu mpaka sasa kwamba ulikuwa na hofu ya kupofuka peke yako.

Subira ameitupa hotuba yake bila kunung'unika, na ninamheshimu kwa hilo. Viwanja vyako vya zamani vinabaki, kwa sababu bila hivyo jamii za mabondeni zisingejulikana kabisa. Vya karibuni vimewekwa kando mpaka vipimwe upya. Ila safari yako ya mwezi ujao kule kwenye miteremko ya mawe lazima isimamishwe. Alisema ofisi itakuandikia rasmi, kisha akanitazama, akaniambia nikuandikie mimi kwanza.

Ninakuomba, usiende kwenye mawe yale. Njoo kwangu, twende kwa daktari wa macho. Kama ni mtoto wa jicho, wanamtoa. Kama ni kingine, tukijue mapema. Najua unaogopa watakunyang'anya kazi, na pengine ndivyo itakavyokuwa, sitaki kukudanganya. Lakini viwanja vile vinahitaji mtu wa kupiga magoti, na magoti yangu ni yale uliyoyafundisha. Tutakwenda wote, mimi nione, wewe uniambie nilichokiruka.

Mjukuu wako anakusalimu kwa meno yake yote. Wasalimie majirani, na baba umwambie tu kwamba nimekukumbuka, maana sijamweleza lolote. Nimeandika kwa wino mzito na herufi za ukubwa wa kidole, karatasi nzima inakula mistari michache, na bahasha itanenepa kama mkate. Nilitaka uisome mwenyewe, chumbani kwako, mlango umefungwa. Kama umefika hapa bila kumwita mtu akusomee, basi hatujachelewa.

Ni mimi,
Kitindamimba wako