Pumzi Nne Nyuma ya Redio

Kwako Kaka,

Kalamu nimeishika kwa mkono mmoja, mkono wa pili una mtoto, kwa hiyo mwandiko ukipinda usiseme sikusoma. Hujambo huko kwenye kambi ya ujenzi? Kile kifua cha vumbi la barabara kimepona? Sisi hatujambo, kwa maana kwamba kila mtu anakula na kila mtu ana lake la kulalamikia. Kibonge ameota meno mawili ya chini na anayafanyia majaribio begani kwangu. Shemeji yako yuko safarini na lori lake, juzi alipiga simu, mzima. Baba anakusalimu. Televisheni yako iko salama.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kufika kwenye nukta. Dereva wenu anaondoka kesho Ijumaa, na amesema Jumamosi asubuhi utakuwa na barua hii mkononi.

Nianze na presha ya Baba, maana najua ndiyo unayoitafuta. Tangu siku ile kwenye mechi za makundi, tulipofungwa dakika ya mwisho naye akateleza kutoka kitini kama nguo iliyotoka kwenye msumari, nampima asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari. Muuguzi alisema tu asishtuliwe. Ni wewe uliyeongeza kwamba hakuna kuangalia mpira hadi kombe liishe, na kwamba televisheni iende kwa jirani yetu kinyozi. Sikulaumu. Mimi ndiye niliyemwokota sakafuni, nami niliogopa, nikaapa kwa kaburi la Mama kwamba itakuwa hivyo.

Robo fainali nilitii. Kinyozi alikuja kuibeba mwenyewe, akaitundika juu ya vioo vyake, na watu wakajaa mle ndani hadi aliyekuja kunyolewa akanyolewa amesimama. Baba nilimweka chumbani nikafunga mlango. Mimi nikakaa sebuleni kwenye cherehani na zile kola za sare za shule ninazoletewa kumalizia nyumbani, redio ya simu sikioni, kimya kama mwizi. Kitu ambacho mimi na wewe hatukukifikiria ni ukuta. Kelele za kwa kinyozi zinapita ukutani, na zikishapita ukutani, Kaka, kelele za kufunga na za kufungwa huwezi kuzitofautisha. Baba alizihesabu saba. Ya tatu aligonga mlango kuuliza ilikuwa ya nani, nikamwambia apumzike. Ya nne akaniita askari jela. Ya saba hakuuliza kitu, na huo ukimya ndio ulionitoa kwenye cherehani. Nilimkuta amesimama juu ya kitanda, mguu mmoja dirishani, mzee wa miaka sitini na tisa, anatafuta mpita njia wa kumuuliza. Aliniambia nisimkodolee macho, anarekebisha pazia.

Nikampima palepale. Ya juu ilikuwa mia moja themanini na tisa. Haijawahi kufika huko, hata siku ya kuanguka. Na tulikuwa tumeshinda.

Asubuhi yake nilimpelekea muuguzi daftari. Aliuliza mzee alipatwa na nini siku hiyo, nikajibu hakuna, alikuwa amepumzika. Akaniangalia. Ikabidi nieleze yote, pamoja na pazia. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akasema kutojua nako ni mshtuko, tena mrefu kuliko ule mwingine. Akaagiza dawa anywe kwa wakati, akae kitini, na kifua kikimbana nisingoje ushauri wa mtu, nimkimbize pale kituo cha afya.

Jumatano tumeshinda nusu fainali kwa penalti, hilo unalijua, nasikia huko kambini mlipiga masufuria. Sasa nikwambie usilolijua. Niliposema televisheni iko salama, sikusema iko wapi. Iko juu ya kabati la Mama, mahali pake. Nilimfuata kinyozi Jumatatu, akalalamika kama aliyefiwa, nikaichukua hivyohivyo. Kiapo nilichoapa nimekivunja mwenyewe, hakuna aliyenishawishi.

Sikwenda kichwakichwa. Wewe unajua picha ya king'amuzi chetu inachelewa nyuma ya redio. Nimeipima, ni pumzi nne. Basi Jumatano nilikaa kwenye cherehani na spika moja ya redio ya simu sikioni, upande asioona Baba, na kila mtangazaji alipoanza kupandisha sauti nilinyanyuka nikampakatisha Kibonge, nikisema nimechoka mkono. Mtu mwenye mtoto mapajani haruki, na Kibonge ana uzito wa kumtuliza mtu. Hatari ikishapita namchukua. Mara mbili ilifanya kazi. Mara ya tatu Baba alimpokea mtoto, akamtazama, akasema huyu amekuwa kengele ya zimamoto, kila akiletwa kuna moto unakuja. Akaniuliza kwa upole nina nini sikioni.

Nikamwambia ukweli. Sijui kumdanganya akiuliza kwa upole.

Tulikuwa tumefika kwenye penalti. Baba alinikumbusha habari unayoijua kuliko mimi, kwamba nusu fainali yetu iliyopita ilichezwa siku uliyozaliwa. Goli letu moja la siku ile lilifungwa yeye akiwa kwenye korido ya wodi ya wazazi, anamsikia Mama na hasikii mpira. Kwa miaka thelathini na minane amesimuliwa goli hilo. Mmoja anasema lilikuwa la kichwa, mwingine anaapa ni mguu wa kushoto, marehemu mjomba alisema mpira ulimgonga tu mtu mgongoni. Baba akasema amechoka kuishi kwa masikio ya watu. Hili la leo, likiwa zuri au baya, anataka limfikie kwenye macho yake bila kupita kwanza kwa mtu, hata kama mtu huyo ni mimi.

Kaka, nilichomoa ile spika. Nilikaa sakafuni karibu na kiti chake, Kibonge mapajani kwake, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke nilikuwa sijui lolote kabla yake. Niliogopa kuliko yeye. Ulipopigwa mkwaju wa mwisho na kipa wetu akaupangua, nilimtazama Baba badala ya televisheni. Hakuruka. Alivuta pumzi, akairudia, kisha akaniambia mtoto amekojoa, nimbadilishe.

Nilimpima. Mia moja arobaini na nane. Kwa udadisi nikajipima na mimi, yangu sikuandikii.

Fainali ni Jumapili saa kumi alasiri, na Baba ataiangalia. Dawa atakunywa saa tatu asubuhi, atakaa kitini, Kibonge atakuwa mapajani, na binamu wa kinyozi mwenye teksi ameshaambiwa asitoke mtaani siku hiyo. Nimekueleza ili usije ukasikia kwa watu, si ili uniruhusu. Na ikitokea vibaya, lawama ni zangu, nitazibeba. Lakini mlango ule sitaufunga tena.

Una Jumamosi nzima ya kunikasirikia. Jumapili saa kumi nataka uwe umemaliza. Halafu tafadhali, usitupigie kabla ya filimbi ya mwisho, maana huko kwenu picha inawahi, nawe hujawahi kuficha habari hata dakika moja.

Nilimuuliza Baba kama leo angechagua tena ile korido. Alifikiri kidogo, akasema angechagua, ila siku hizi wodini kuna televisheni. Kisha akaniambia nikuandikie kwamba ulizaliwa na kilo nne, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kukuona. Hilo hakusimuliwa.

Wasalimie wenzako kambini, hasa huyo dereva, mpe maji ya kunywa kabla hujaanza kusoma. Funga kifua asubuhi. Kibonge anakusalimu kwa meno yote mawili.

Mdogo wako akupendaye, na asiyeomba radhi,
Kitindamimba