Koko na Jina Lake Jipya

Levolosi,
Arusha.
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Lesian,

Habari za Leipzig? Natumaini wewe, wifi Hanna na mtoto ni wazima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona kabisa. Sisi hatujambo. Mama yuko Terrat na mbuzi wake. Goti linamuuma asubuhi, lakini ikifika saa nne humkuti nyumbani. Masika yalichelewa, mahindi yamedumaa, ila maharage tumepata ya kutosha.

Barua hii anakuletea Mchungaji Frederick, anayekuja huko na wageni wenzake wa kanisa. Ningekuandikia kwenye simu kama kawaida, lakini ndani ya bahasha kuna fomu inayotaka saini yako kwa wino, na habari yenyewe ni ndefu. Inamhusu Koko.

Yule buibui uliyeniachia ulipoondoka bado yupo, kwenye sanduku lake la plastiki juu ya kabati. Unajua nilimpokea kwa sababu tu niliona aibu kukukatalia. Nilimlisha panzi nikiwa nimeshika koleo ndefu na kugeuza uso pembeni. Sasa hata shuleni, pale maabara ninapofanya kazi, wananiita Mama Buibui, na nimeingia kwenye kikundi cha wafugaji wa buibui wa manyoya. Tuko kumi na wanane.

Mmoja wetu ni Jackline, fundi cherehani wa Kikatiti. Yeye alikuwa na dume aliyempata shambani kwao, nyuma ya migomba. Wote tulijua Koko na dume yule ni spishi moja. Jina la kisayansi lilikuwa hilo hilo kwenye vibali vyetu. Januari tukawakutanisha. Nilisimama na kipande cha kadibodi tayari kumwokoa dume asiliwe, lakini Koko hakumdhuru. Mwezi Machi akafuma kifuko cheupe chenye mayai, akawa anakikumbatia usiku na mchana. Jackline alifurahi mno. Alikuwa amesubiri miaka miwili, na tayari alishawaahidi watu watoto.

Wiki mbili baadaye makala ya watafiti ikaingia kwenye kikundi. Wanasema wale tuliowaita spishi moja ni mbili: mmoja wa upande mkavu, magharibi ya Mlima Meru, na mwingine wa upande wa mashariki wenye mvua. Wa mashariki amebaki na jina la zamani, wa magharibi amepewa jipya. Kwa nje hawatofautiani. Tofauti iko ndani ya tumbo la jike, na inaonekana hata kwenye gamba alilojivua.

Kikundi kilivurugika siku hiyo. Kila mtu akaanza kuulizwa wake alitoka wapi, na wengi hawakujua, maana walipewa na mtu aliyepewa na mtu. Mimi nilikuwa na kile kikaratasi chako kwenye sanduku: "Terrat, Novemba 2012." Nikalichukua gamba la Koko la mwaka jana, nikaliloweka kwenye maji ya vuguvugu na tone la sabuni hadi likalainika, nikaliweka chini ya hadubini ya shule. Nililinganisha na michoro ya makala mara tatu. Koko ni wa magharibi. Dume wa Jackline, kwa mahali alipotoka, ni wa mashariki.

Nikampigia Jackline, akaja siku hiyo hiyo. Nilimwambia mayai yale hayafai kuanguliwa.

"Jana walikuwa aina moja," akasema. "Leo buibui wamebadilika nini?"

"Hawajabadilika. Sisi ndio hatukuwa tunajua."

"Kwa hiyo utaua watoto kwa ajili ya karatasi?"

Nilimweleza kwamba machotara wale wakishasambaa kwa watu, hakuna atakayeweza kuwatambua, na mmoja akitoroka au kuachiwa porini hatuwezi kumrudisha. Akaniuliza kwa nini tusiwalee wote wenyewe. Nilikuwa nimeshalifikiria hilo. Watoto wanaweza kuzidi mia, na jike mmoja anaishi hata miaka ishirini. Tungewaweka wapi? Akabeba mkoba wake akaondoka bila kuaga.

Nilikaa siku mbili bila kufanya kitu. Siku ya tatu nikakichomoa kile kifuko kwa koleo, nikakiweka kwenye friza. Koko alisimama kwa miguu ya nyuma, meno nje, akaipiga ile koleo mara nne. Baadaye alizunguka sanduku siku tatu akipapasa kila kona, na panzi niliyempa hakumgusa. Mdogo wangu, sikutegemea kwamba ningelia kwa ajili ya buibui, lakini nililia.

Kibali nacho kilinitoa jasho. Nilipokwenda kukihuisha, afisa alitazama karatasi, akatazama picha ya Koko, akaniuliza, "Huyu aliyeandikwa hapa yuko wapi?" Nikamjibu ndiye huyu, amebadilishwa jina. "Ameolewa?" Tukacheka wote. Mwishowe alikubali nakala ya makala, akaiambatanisha.

Jackline alinyamaza mwezi mzima. Halafu Jumamosi moja akabisha hodi, mkononi ana kopo la magamba matatu aliyoyakusanya kwa wenzetu. Hakuomba radhi, wala mimi sikuomba. Alisema tu, "Nionyeshe unavyofanya." Mkuu wa shule ameturuhusu kutumia hadubini Jumamosi, na hadi sasa tumeshapima majike tisa. Wawili walikuwa wameandaliwa madume wasio wa spishi yao.

Sasa hiyo fomu. Nilimwandikia mmoja wa watafiti, akajibu kwamba hawana sampuli yoyote kutoka Terrat, na wangependa kupokea gamba la Koko, lakini aliyemkamata lazima athibitishe mahali mwenyewe. Mama anasema ulimchimbua ulipokuwa ukisimika nguzo za zizi letu. Mjomba Lerionka anasisitiza ilikuwa kwake, ng'ambo ya korongo. Usiandike alichosema Mama ili tu kumfurahisha. Andika unachokikumbuka wewe, na kama hukumbuki, andika hivyo, utie saini. Mchungaji anarudi tarehe 2 Julai.

Mama anakubariki na anataka picha ya mtoto akiwa amesimama. Mjomba Lerionka anakusalimu, na Jackline pia, ingawa hamjawahi kuonana. Msalimie sana Hanna. Mungu awatunze huko mliko, awape afya na kazi yenye amani.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Resiato